Kundi la Kushauriana: Asili Yake na Kuanzishwa Kwake katika Nchi ya Ufipa

Katika kitabu hiki cha jubilei mtasoma habari za makanisa yaliyojengwa, za mapadre waliotutangulia, na za shule zilizofunguliwa. Ni haki kuyaandika hayo, ili watoto wetu wasiyasahau. Lakini liko jambo jingine lisilo na matofali wala kengele, nalo ni desturi ya watu wachache kukaa pamoja na kuchukuliana mizigo ya moyo. Sisi tulio makatekista na walimu wa uwanda wa juu tumeombwa kueleza desturi hiyo imetoka wapi, na jinsi kundi la kushauriana linavyopangwa na kuanzishwa kijijini. Tutaeleza pia kosa letu wenyewe, kwani asiyesema alipojikwaa huwaachia wenzake jiwe lile lile njiani.

1. Jina la mji wetu

Watu husema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mgeni akisikia hucheka, lakini sisi wenyeji twajua kwamba jina hilo lina neno la kweli ndani yake. Wazee wetu walikuwa watu wa kazi. Walifukia majani katika matuta yaitwayo intumba ili yaoze na kuirutubisha ardhi. Waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo. Na nchi yao ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Walipenda mazungumzo ya adabu, na mtu mkali wa maneno hakupata heshima kwao.

Walakini mtoto alipokufa ghafula, au mke alipokosa kuzaa, au ng'ombe walipokufa mfululizo, swali lililoulizwa mara nyingi halikuwa "Umeumia wapi, ndugu?" bali "Ni nani aliyefanya hivi?" Ndipo huzuni ilipogeuka kuwa tuhuma, na mwenye msiba akapewa adui badala ya faraja. Msomaji alishike neno hili, maana ndilo shina la habari zetu zote.

2. Karema na Tabibu Atiman

Katika mwaka wa 1879 Wabelgiji walijenga ngome Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1885 wakaiacha mikononi mwa Mapadre Weupe, ambao leo huitwa Wamisionari wa Afrika. Karema sasa imo katika Mkoa wa Katavi, na katika Jimbo la Mpanda lililoanzishwa mwaka wa 2000. Lakini imani yetu ya Ufipa ilipandishwa mlimani kutoka huko, na jimbo letu lenyewe liliitwa Jimbo la Karema hata mwaka wa 1969, ndipo likapewa jina la Sumbawanga.

Wengi miongoni mwa wakaaji wa kwanza wa misioni ile walikuwa watu waliokombolewa utumwani, na katika hao walikuwamo watoto wasiojua tena baba wala mama. Kwa amri ya Kardinali Lavigerie, aliyeliasisi shirika lile, mtu hakubatizwa upesi, bali alingojea na kufundishwa muda wa miaka 4. Twaona kwamba miaka ile haikuwa ya kukariri tu. Mwanafunzi alikaa na wenzake juma kwa juma, wakajuana, na alipobatizwa alikuwa na msimamizi wa kumwendea siku ya taabu.

Katika mwaka wa 1889 alifika Karema kijana mmoja jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, mbali sana upande wa magharibi ya Afrika. Akatekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na wamisionari, kisha akapelekwa kisiwani Malta kujifunza utabibu. Huyu alikuwa tabibu na katekista pamoja. Alioa huko huko, na mwanawe mmoja akawa padre. Hakuondoka Karema mpaka alipofariki mwaka wa 1956, yaani miaka 67 baada ya kufika kwake.

Kwa nini twamtaja katika habari za kundi la kushauriana? Kwa sababu watoto walionyakuliwa makwao walitibiwa na mtu aliyenyakuliwa kwao. Hakuwa na haja ya kuambiwa utumwa ni nini. Na aliyekaa mahali pamoja miaka 67 hujua mke wa nani amefiwa na kijana wa nani amefukuzwa nyumbani. Kwake twajifunza mambo mawili: mfariji mwema ni yule aliyepita katika bonde lile lile, tena ni yule asiyehama.

3. Siku za Kamchape

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilizuka katika nchi ya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mbiu ya dawa iliyoitwa mchape, yaani dawa ya kuosha. Ikaenea nchi kwa nchi. Hapa kwetu ilijulikana kwa jina la Kamchape, na wengi wa wazee wetu wanaikumbuka ile ya miaka ya 1963 na 1964. Vijana wenye dawa walifika kijijini; watu wakakusanywa, wakatakiwa kutoa pembe na hirizi zao, na waliodhaniwa kuwa wachawi wakatajwa mbele ya wote. Kisha watu wakatiwa dawa, ili kijiji kianze upya kwa amani.

Tusiwacheke wazee wetu. Walichokitafuta kilikuwa chema: walitaka kuutua mzigo wa hofu na kukaa tena kama majirani. Walikutana wote, wakasema waziwazi yaliyofichwa, wakatumaini mwanzo mpya. Lakini njia yenyewe ilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba amani ya wengi ilinunuliwa kwa aibu ya mmoja. Palihitajiwa mwenye hatia ili wengine walale usingizi. Na kwa kuwa chanzo cha huzuni hakikuguswa, hofu ilirudi, na dawa nyingine ikatakiwa.

4. Jumuiya ndogo ndogo na miaka ya UKIMWI

Katika mwaka wa 1973 maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikutana Nairobi katika mkutano wa AMECEA, wakaazimia kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Na mwaka wa 1976 wakalitilia nguvu azimio hilo. Wakati ule jimbo letu liliongozwa na Askofu Charles Msakila, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wetu, aliyewekwa mwaka wa 1958. Tangu hapo majirani husali nyumba kwa nyumba, huzika pamoja, na hutembelea wagonjwa. Jumuiya ni baraka kubwa, na bila hiyo kundi la kushauriana lisingekuwa na udongo wa kuota.

Hata hivyo jumuiya si kundi la kushauriana. Katika jumuiya hukaa mume na mke, mkwe na mkwe, mdai na mdaiwa. Michango hutajwa humo kwa majina. Mtu mwenye jeraha la ndani hawezi kulifunua mbele ya mama mkwe wake, hata akiombwa kwa upole.

Kisha ulikuja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza katika Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka wa 1983. Watu waliona haya kuutaja, wakasema "amelogwa", na tuhuma za kale zikapata chakula kipya. Lakini katika taabu hiyo ulizaliwa pia ujuzi mpya. Nchini Uganda, mwaka wa 1987, Mama Noerine Kaleeba aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO, wakakutana kufarijiana. Huko Dar es Salaam, mwaka wa 1989, likaanzishwa shirika la WAMATA. Ndipo watu wa vijijini nao walipozoea kusikia neno "ushauri nasaha". Wengi walidhani maana yake ni mtu mwenye elimu kumwambia asiye na elimu la kufanya. Nasi tulidhani hivyo, na hapo ndipo tulipojikwaa.

5. Kosa letu

Katika mwaka wa 2017, kijijini petu, mtoto mmoja aliugua siku 3 akafa. Matanga hayajaisha, maneno yakaanza kumwelekea bibi mmoja mjane, aliyeishi peke yake, na ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Hakuna aliyempiga. Watu waliacha tu kumwamkia. Asubuhi moja tulikuta mlango wake wazi na jivu limepoa. Alikuwa amehama usiku. Nasi makatekista tulikuwa tumempita njiani mara nyingi tukienda kusalisha, tusiseme neno. Mama wa mtoto naye aliachwa na majonzi yake, kwa maana kila aliyekuja kumpa pole alimletea jina la mshukiwa, wala hakumletea sikio.

Jambo hilo lilituchoma moyo. Tukasema, "Tuanzishe kundi la ushauri." Siku ya Jumapili tukatangaza kwamba wote wenye taabu waje kanisani Jumatano. Wakaja watu 31. Sisi tuliketi mbele, penye meza, tukiwa na daftari. Wao wakaketi katika mabenchi, kama wanafunzi. Mama mmoja akasimama, akasema kwamba mumewe humpiga. Kabla hajamaliza, mzee mmoja akamweleza wajibu wa mke; mwingine akatoa methali; nasi tukatoa fundisho zuri lenye sehemu tatu. Siku mbili baadaye maneno yake yalikuwa yamefika kilabuni alikokuwa mumewe, na usiku ule akapigwa tena.

Jumatano ya pili walikuja watu 5. Ya tatu hakuja mtu. Hatukumtafuta aliyetoa siri, kwani kosa la kwanza lilikuwa letu: tuliwaita watu kufunua mioyo yao, nasi hatukuwa tumejenga ukuta wa kuwasitiri. Tulipokwenda kumwomba mama yule radhi, hakutulaumu kwa mengi. Alisema tu, "Walimu, mimi nilikuja kusema, nanyi mkanijibu." Neno hilo limetufundisha kuliko kitabu.

6. Habari kutoka Masaka na Rakai

Tulikaa mwaka mzima tukiona haya kuanza tena. Ndipo mwalimu mmoja mwenzetu akatuletea habari za jirani zetu wa Uganda, nasi twazieleza kwa kuwa zinafaa sana kwa watu wa mashambani kama sisi. Katika wilaya za Masaka na Rakai, ambako UKIMWI uliua watu wengi, Daktari Paul Bolton na wenzake hawakuanza kwa kufundisha. Walianza kwa kuwauliza wanakijiji, "Taabu zenu ni zipi, nanyi huziitaje?" Wakapewa kwa Kiganda maneno mawili ya maradhi ya huzuni: moja la mtu ajichukiaye, na moja la mtu ajihurumiaye.

Kisha, mwaka wa 2002, wakachagua vijiji 30. Katika baadhi yake wakaanzisha makundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, vingine vikangojea. Viongozi hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofundishwa majuma 2. Kila kundi lilikutana mara moja kwa juma, dakika 90, muda wa majuma 16. Mwanzoni, katika kila watu 100 waliokuwa katika makundi, 86 walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Mwishoni walibaki wapatao 7. Katika vijiji vilivyongojea, ambako 94 katika 100 walikuwa wagonjwa, walibaki wapatao 55. Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 2003, na mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu cha kuongoza makundi ya namna hiyo kwa mikutano 8.

Tena walifundisha kwamba huzuni nyingi huingia kwa milango minne: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, mageuzi makubwa ya maisha, na upweke. Tulipoisoma milango hiyo minne tulitazamana. Mama wa mtoto aliingia kwa mlango wa kwanza, mama aliyepigwa kwa wa pili, na bibi mjane tuliyempoteza kwa wa nne. Wote watatu walikuwa majirani zetu, nasi hatukuona hata mlango mmoja.

7. Jinsi tulivyoanza upya

Katika mwaka wa 2019 tulianza tena, na sasa tutaeleza hatua kwa hatua, ili walimu na viongozi wa vigango wapate kutumia yatakayowafaa.

Kwanza tuliuliza kabla ya kutangaza. Tulikwenda nyumba kwa nyumba na swali moja: "Ukiwa na neno zito usiku, asubuhi humwendea nani?" Majina mawili yalirudi mara nyingi: bibi mmoja mkunga ambaye hakupita darasa la nne, na mama mmoja mshona nguo. Jina la katekista halikutajwa sana, wala la mwalimu. Tuliposhangaa, mkunga akatueleza kwa upole: katekista ndiye aandikaye nani awekwe kwenye orodha ya ndoa na nani azuiliwe, mwalimu ndiye ashikaye fimbo, nani atawafunulia hao udhaifu wake? Basi tukakubali kushuka. Mama wale wawili wakawa viongozi, nasi tukawa watumishi wa kutafuta mahali, kuleta mafunzo, na kukaa mbali.

Pili, tuliwatafutia viongozi mafunzo. Tuliomba msaada kwa mtu wa ustawi wa jamii na kwa muuguzi, wakawafundisha kusikiliza bila kukatiza, kuuliza kwa ufupi, kutotoa hukumu, na kutambua hatari.

Tatu, kundi lilikuwa dogo na la watu wanaofanana. Walialikwa wanawake 8, mmoja mmoja na kwa faragha, na kila mmoja alielezwa mapema jambo litakalofanyika, akawa huru kukataa. Hakualikwa mtu pamoja na mkwe wake, wala na mtu anayedaiana naye. Wanaume walipotaka kundi lao, waliundiwa la kwao peke yao.

Nne, tulichagua wakati na mahali. Mvua za Ufipa huanza karibu na Novemba, na siku za kulima hakuna mama anayeweza kukaa. Basi tulianza baada ya mavuno, saa za alasiri, ingawa baridi ya Juni na Julai ilitutaka tuwashe moto. Hatukutumia kanisa wala ofisi, bali chumba cha nyumba moja iliyo karibu na kisima, ili mtu akionekana akienda huko asiulizwe kitu. Waliketi mkekani kwa mviringo. Meza na daftari havikuwapo.

Tano, ahadi ya siri ilitangulia maneno yote. Kila mmoja aliahidi kwa kinywa chake kwamba ya wenzake hayatatoka, wala kwa mume, wala kwa rafiki, wala kwa padre. Lakini viongozi walisema pia mpaka wa ahadi hiyo tangu siku ya kwanza: mtu akiwa katika hatari ya kuuawa au ya kujiua, au mtoto akidhulumiwa, hapo hawatanyamaza, bali watakwenda naye hospitali, au kwa ofisa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Siri inayomficha mpigaji haimlindi anayepigwa.

Sita, mwendo wa mkutano ulijulikana. Kila mmoja alieleza juma lake lilivyokuwa. Mmoja au wawili wakapewa nafasi pana. Wenzake wakasema yaliyowapata wao wenyewe, si yampasayo mwingine kufanya. Neno "ungefanya hivi" liliwekewa mlango, na lile la "mimi yalinipata hivi" likakaribishwa. Mwisho kila mmoja alichagua hatua moja ndogo ya juma lijalo. Na neno moja lilikatazwa kabisa, yaani kumtaja mtu kuwa mchawi. Aliyetaka kulitaja aliulizwa, "Na wewe, umeumia wapi?"

Saba, mwisho wa mikutano uliwekwa tangu mwanzo. Baada ya mikutano 8 kundi lilifungwa kwa chakula, ili watu wengine waanze. Waliotaka kuendelea kutembeleana waliendelea kama marafiki.

8. Tulichokiona

Hatuna hesabu ya kujivunia, wala hatusemi kwamba kila moyo ulipona. Wawili katika wale 8 waliacha kuja. Lakini mama wa mtoto aliyefariki alikuwa katika kundi lile la kwanza. Majuma mawili hakusema neno. La tatu akamlilia mwanawe kwa jina, na hakuna aliyemkatiza. Mwaka wa 2020 yeye na wenzake wawili walikwenda kwa miguu mpaka kijiji alikohamia bibi mjane, wakamwamkia na kumwomba radhi. Bibi hakurudi kukaa kwetu, wala hatukuwa na haki ya kumdai hilo. Lakini alipokea salamu zao, akawapikia uji.

Ndugu wasomaji, wazee wetu hawakupanda ulezi siku ile ile walipofukia majani. Walingoja yaoze ndani ya udongo, kwanza wakapanda maharagwe juu ya tuta, na msimu uliofuata ndipo walipolisambaza. Kundi la kushauriana nalo halitaki haraka. Ninyi viongozi wa jumuiya, msilitangaze kabla ya kuuliza. Ninyi walimu, mtoto anaposinzia darasani kila siku, mwulizeni nyumbani pakoje kabla ya kuchukua fimbo. Nasi makatekista tuliozoea kusema mbele za watu, tujifunze katika mwaka huu wa jubilei kazi iliyo ngumu kuliko kuhubiri, ambayo ni kukaa mkekani na kunyamaza mpaka ndugu yetu amalize.